Fizi za Mbwa Zinapopauka: Maradhi ya Chembe Nyekundu za Damu

Mada iliyowasilishwa na Idara ya Mifugo mbele ya mkutano wa wakazi wa kata



Mbwa wa ulinzi anaposusa ugali Jumatatu, akashinda amelala chini ya mwembe Jumanne, na alfajiri ya Alhamisi akakutwa amekufa nyuma ya banda, neno la kwanza kutamkwa nyumbani ni sumu. Neno la pili huwa ni jina la jirani: yule aliyelalamika kwamba mbwa anabweka usiku, au yule ambaye kuku wake walifukuzwa. Shauri hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi na kiberiti kwa miaka mingi huacha kusalimiana. Aghalabu hakuna aliyetega sumu. Aliyemuua mbwa ni kupe aliyekuwa amejificha ndani ya sikio lake, na siku tatu zile zilizopita kati ya kususa chakula na kufa zilikuwa siku tatu za kumwokoa.

Sumu za mashambani zinazotegwa ndani ya nyama huua kwa saa, si kwa siku. Mbwa hutokwa na povu, hutetemeka na kukakamaa. Mbwa anayefifia polepole, anayehema pasipo kukimbia, anayeinuka kwa kuyumba na kulala tena, huyo hakika anapaswa kutazamwa kinywani kabla jirani hajatajwa. Mdomo wa juu ukiinuliwa kwa kidole, fizi za mbwa mwenye afya huonekana zenye rangi ya waridi. Zikibonyezwa kwa ncha ya kidole, hupauka na kurudisha rangi yake katika muda usiozidi sekunde mbili. Fizi za mbwa mwenye upungufu wa damu ni nyeupe kama karatasi, au zina umanjano kama zilizopakwa binzari. Wapo mbwa ambao fizi zao ni nyeusi kwa maumbile. Kwa hao hutazamwa utando wa ndani ya kigubiko cha chini cha jicho.

Hapa pana tahadhari ambayo haina budi kutangulia mengine yote. Mbwa anayeng'ata vitu ovyo, anayedondosha ute, aliyebadilika sauti au aliyepooza taya, hafunguliwi mdomo na mtu yeyote. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa, na mbwa wa namna hiyo hutengwa na kutolewa taarifa mara moja. Aliyeng'atwa au kulambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Yanayofuata yanamhusu mbwa mtulivu, anayejulikana na aliyechanjwa.

Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kwenye moyo, ubongo na misuli. Hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, nazo kwa mbwa huishi miezi mitatu hadi minne tu, kisha bandama huzichuja zilizochakaa na uboho huleta nyingine. Damu ya mbwa mzima ikiwekwa katika kichupa na kuzungushwa kwa mashine, sehemu 37 hadi 55 kati ya 100 huwa ni chembe, na zilizobaki ni maji ya damu. Zikishuka chini ya 20 mbwa hushindwa kusimama kwa muda mrefu. Chini ya 15 maisha yake huwa ukingoni. Uboho hujitahidi kufidia, lakini huchukua siku tatu hadi tano kabla chembe mpya hazijaonekana kwa wingi katika mishipa. Ugonjwa unaoharibu damu kwa kasi humaliza kazi yake kabla msaada huo haujafika.

Ugonjwa wa namna hiyo katika maeneo haya ni babesia. Wafugaji wa ng'ombe wanamfahamu ndugu yake, ule ugonjwa wa mkojo mwekundu, ingawa wa ng'ombe haumwambukizi mbwa wala wa mbwa haumwambukizi ng'ombe. Kimelea huyu, mdogo asiyeonekana ila kwa hadubini, huingia ndani ya chembe nyekundu, hugawanyika humo, huipasua na kwenda kuvamia nyingine. Jina lake linatokana na Victor Babeş, tabibu wa Romania aliyewaona vimelea wa jamii hiyo katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Mwaka 1901, huko Rasi kusini mwa Afrika, mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alionyesha kwamba homa hii ya mbwa huletwa na kupe. Basi habari hii imejulikana kwa zaidi ya karne nzima, na bado mbwa wanaendelea kuzikwa pamoja na shutuma.

Wapo babesia wa mbwa wa aina mbili wanaostahili kutofautishwa hapa. Mmoja, Babesia vogeli, huletwa na kupe wa kahawia, yule anayeishi na mbwa nyumbani, katika nyufa za ukuta na chini ya magunia ya kulalia. Mbwa mzima huweza kumstahimili. Mtoto wa mbwa huweza kufa. Mwingine, Babesia rossi, ndiye mkali. Huyu huletwa na kupe ambaye akiwa mchanga hunyonya damu ya panya wa porini, na akikomaa ndipo anapomdandia mbwa anayepita majanini. Bweha mgongo mweusi hubeba kimelea huyu bila kuonekana kuugua, jambo linaloeleza kwa nini mbwa wa wachungaji na wa wawindaji huandamwa zaidi. Baada ya kupe mwenye vimelea kumng'ata, hupita kama majuma mawili, kisha homa hupanda, mbwa husita kula, na mkojo hubadilika rangi.

Rangi hiyo ya mkojo ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Chembe zinapopasuliwa ndani ya mishipa, wekundu uliokuwamo hutoka kwa njia ya figo. Mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea, na siku ya pili huweza kuwa kama kahawa. Nao mwili, kwa kuchanganyikiwa, huongeza msiba: askari wake wa kinga, wakikusudia kuziangamiza chembe zilizoingiwa na vimelea, hushambulia hata zile zilizo salama. Ndiyo maana mbwa huweza kuwa na vimelea wachache na bado akapauka kabisa. Wakati mwingine kinga hufanya hivyo pasipo kimelea yeyote kuonekana. Hayo ni maradhi mengine, yenye tiba yake ya kutuliza kinga, nayo hayawezi kutambuliwa kwa kutazama kwa macho tu.

Kupe wa kahawia hubeba pia vijidudu viitwavyo Ehrlichia. Hawa hawavunji chembe nyekundu moja kwa moja; huingia katika chembe nyeupe na kuharibu zile za kugandisha damu. Mbwa huonekana kupona, kisha baada ya wiki au miezi hukonda, hutokwa na damu puani bila kugongwa, na hatimaye uboho wenyewe huchoka na kuacha kutengeneza damu ya kila aina. Tiba yake ni dawa ya jamii ya tetrasaiklini kwa majuma kadhaa, si sindano moja. Dawa hiyo hiyo haimuui babesia. Mwenye mbwa aliyedungwa sindano ya tetrasaiklini na kuambiwa “ya kupe” ana haki ya kuuliza ni ugonjwa upi wa kupe unaotibiwa.

Hapo ndipo penye jeraha kubwa kuliko kupe wenyewe. Dawa inayomuua babesia mkali, diminazini, ndiyo ile ile iuzwayo madukani kwa ajili ya ndorobo wa ng'ombe. Pakiti ndogo ya unga wake hukusudiwa kutibu ng'ombe mmoja mwenye kilo 300. Mbwa wa kienyeji ana kilo 15. Sehemu yake ni moja ya 20 ya pakiti hiyo, na hesabu hiyo haifanyiki kwa kukadiria kwa jicho. Kwa ng'ombe, kosa dogo la kipimo husameheka. Kwa mbwa, nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni finyu. Dawa ikizidi, au ikirudiwa siku chache baadaye kwa kuwa mbwa “bado hajachangamka”, ubongo huvuja damu. Mbwa huanza kupepesuka, kichwa hupinda, hupatwa na degedege, na mwenyewe huamini kwamba ugonjwa umezidi, kumbe sindano ndiyo iliyozidi. Dawa nyingine, imidokabu, nayo hutolewa kwa uzito, na humfanya mbwa atokwe na mate na kutapika. Ni kwa sababu hizi Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 haikuiacha kazi ya tiba ya wanyama mikononi mwa kila mwenye bomba la sindano.

Kabla ya sindano, damu na itazamwe. Afisa Mifugo hutoboa ncha ya sikio la mbwa, huchukua tone moja na kulitandaza juu ya kioo chembamba. Damu ya ncha ya sikio huchaguliwa kwa makusudi, kwani chembe zilizoingiwa na vimelea hukwama katika vimishipa vidogo vya pembeni, hivyo huonekana humo kwa urahisi zaidi kuliko katika damu ya mshipa mkubwa. Kioo kikikauka huweza kusafirishwa hadi penye hadubini. Kitendo hiki huchukua dakika chache, nacho hutenganisha babesia na ndorobo, ambao katika maeneo yenye mbung'o humshambulia mbwa pia na kumpausha vivyo hivyo, mara nyingi macho yakipata ukungu mweupe.

Lakini si kila fizi iliyopauka ni ya kupe. Watoto wa mbwa wenye wiki tatu, matumbo yamejaa kama ngoma na vinyesi vyeusi kama lami, wanaokufa mmoja baada ya mwingine huku mama yao akiwa mzima, hao wamemalizwa na safura. Neno hili wazee walilitumia kwa binadamu, kwa mtu aliyegeuka rangi na kuvimba uso kwa kukosa damu, na mnyoo wa mbwa ni wa ukoo ule ule. Hujipachika kwa meno katika ukuta wa utumbo, hunyonya, kisha huhama na kuliacha jeraha likivuja. Mnyoo mmoja hupoteza damu kidogo sana, kama tone moja au mawili kwa siku. Minyoo 200 ndani ya mtoto wa mbwa asiyetimiza kilo moja ni hesabu nyingine. Tena huambukizwa kwa maziwa. Viluwiluwi waliolala katika misuli ya mama huamka anapozaa na kupita katika chuchu, hivyo mtoto huambukizwa tangu siku anazoanza kunyonya, na anaweza kufa kabla yai lolote la mnyoo halijaonekana kwenye kinyesi. Kungoja hadi wafikishe miezi miwili ndipo wapewe dawa ya minyoo ni kungoja mazishi. Dawa laini ya pairanteli huanza kutolewa wakiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi waachishwe kunyonya, na mama hupewa siku zile zile.

Tofauti na babesia, mbwa mwenye safura hukojoa mkojo wa rangi ya kawaida. Kinyesi ndicho cheusi. Mwenye nyumba anayeweza kumweleza Afisa Mifugo mambo mawili, rangi ya mkojo na rangi ya kinyesi, amekwisha fanya nusu ya uchunguzi.

Jambo la safura linawahusu pia wakazi wasiofuga mbwa, na wale ambao kwa imani au kwa hiari yao hawamkaribishi mbwa nyumbani. Mayai yaliyo katika kinyesi huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na viluwiluwi huweza kupenya ngozi ya binadamu. Havifikii kukomaa ndani ya mtu kama vinavyokomaa ndani ya mbwa, bali hutambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu uliopinda, wenye muwasho usiomruhusu mtoto kulala. Lundo la mchanga wa ujenzi lililoachwa wazi, ambalo mbwa hulitumia usiku na watoto hulichezea mchana wakiwa pekupeku, ni mahali panapofaa kufunikwa kwa turubai. Kinyesi cha mbwa kikizolewa kila siku na kufukiwa mbali na visima na viwanja vya kuchezea, viluwiluwi hukosa muda wa kuanguliwa.

Sababu nyingine za mbwa kupauka zimo jikoni na stoo. Kitunguu maji, kibichi au kilichopikwa, kina kitu kinachounguza chembe nyekundu za mbwa hadi zikavunjika. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zatosha kuleta madhara, yaani kwa mbwa wa kilo 10 ni vitunguu viwili au vitatu vya kiasi. Mabaki ya kachumbari na masalia ya mchuzi wa shughuli, yanapomwagiwa mbwa kwa wingi, hufikia kiwango hicho bila mtu kukusudia. Dalili huja siku kadhaa baadaye, wakati shughuli imekwisha sahaulika. Parasetamoli, inayotolewa kwa huruma kwa sababu mbwa ana homa, huharibu ini lake na pia huzuia chembe nyekundu kubeba hewa. Na dawa ya panya, ile ya kuzuia damu isigande, haiui siku ile ile: baada ya siku mbili hadi tano mbwa huvuja damu ndani ya kifua au viungo, au hutokwa na damu mdomoni. Hii ndiyo sumu moja inayofanana na maradhi ya kupe kwa mwendo wake wa polepole, na mara nyingi imewekwa na mwenye mbwa mwenyewe darini kwake. Ina tiba, vitamini K1, iwapo boksi la dawa litaonyeshwa kwa mtaalamu mapema.

Kuhusu kupe, muda ndio silaha. Kwa kawaida kupe hulazimika kunyonya kwa siku mbili au tatu kabla hajapitisha babesia. Mbwa anayepapaswa kila jioni, ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani na chini ya mkia, huondolewa kupe kabla muda huo haujatimia. Kupe hushikwa karibu na ngozi kwa kibano au kwa vidole vilivyofungwa kitambaa, akavutwa taratibu bila kuzungushwa. Hapasuliwi kwa kucha, wala hachomwi kwa kaa la moto, wala hamwagiwi mafuta ya taa. Banda nalo litazamwe, kwa kuwa jike mmoja wa kupe wa kahawia hutaga maelfu ya mayai katika ufa wa ukuta. Kuziba nyufa kwa udongo au saruji na kuchoma magunia ya zamani hupunguza kupe kuliko dawa inayonyunyizwa juu ya mbwa peke yake.

Dawa za kuogesha ng'ombe hutumika kwa mbwa endapo tu kibandiko chake kinamtaja mbwa, na kwa mchanganyiko ulioandikwa hapo. Mbwa hatumbukizwi katika josho. Huyanywa maji yale. Watoto wa mbwa hawaogeshwi kwa dawa hizo, na paka wa nyumbani hatakiwi kuguswa nazo kabisa, kwa kuwa kinachomwacha mbwa salama huweza kumuua paka. Viuatilifu vya pamba na mahindi havina nafasi yoyote mwilini mwa mnyama.

Itaulizwa kama gharama hizi zinamfaa mbwa. Mwenye kondoo 30 na fisi upande wa pili wa korongo hahitaji kujibiwa. Mjane anayelala peke yake na watoto, ambaye mbwa ndiye mlinzi wake wa pekee, naye hahitaji. Kwa wengine, itoshe kusemwa kwamba kupapasa kupe hakuna bei, na kwamba sindano iliyokosewa, ikafuatiwa na ya pili na ya tatu, hugharimu kuliko tone la damu juu ya kioo.

Kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa huwakusanya mbwa wengi mahali pamoja, na hiyo ni fursa ya kuwatazama fizi pasipo safari nyingine. Mwenye mbwa mwenye dalili zilizotajwa asingoje siku hiyo. Ampeleke mbwa, au amwite Afisa Mifugo wa Kata, siku ile ile anapoona fizi nyeupe, na amweleze haya: siku mbwa alipoacha kula, rangi ya mkojo na ya kinyesi, kama ameonekana na kupe katika wiki tatu zilizopita, alichokula kisicho cha kawaida, kila dawa aliyopewa tayari, hata iliyonunuliwa kwa siri, pamoja na kipimo chake. Pakiti tupu ya dawa iletwe pia. Mbwa abebwe au apakiwe kwenye toroli, asitembezwe kwa miguu juani, kwa kuwa mnyama aliyeishiwa chembe nyekundu huweza kuanguka njiani kwa kukosa pumzi. Na akifa kabla ya kufikishwa, taarifa itolewe kabla ya kuzikwa, ili sampuli ichukuliwe na ijulikane kama aliuawa na mtu au na kupe.